Andika alichopika kabla ya alichougua

Ukitaka kuandika habari za mashoga wa Mombasa waliochukuliwa na Ukimwi, anza na chakula. Muulize mamake, dadake, au mwenziwe aliyebaki: marehemu akipika nini, na akikipika vipi? Ugonjwa utakuja wenyewe, hauhitaji kuitwa. Ukianza nao utajibiwa "alikuwa na kifua," basi, na mlango utafungwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Kuze, nimeshona magauni ya harusi za mji huu tangu ujana wangu, na sasa sitii uzi kwenye sindano mpaka nivae miwani. Vijana huniita Shangazi, nami huitika. Wengi wao wamezaliwa dawa ziko, na wakija kibandani kwangu swali lao ni lile lile: nyinyi mlikuwa mkiishi vipi, na wenzenu wako wapi? Hii ndiyo njia ninayoitumia kuwakusanya wenzangu. Ichukueni, muifanyie kazi kwa watu wenu. Wanaojua habari hizi ni kina mama wazee na sisi wachache, na kina mama wale hakuna mwaka tusiozika mmoja.

Kwenda nyumbani kwa watu

Usipige simu ukaeleza yote. Nenda baada ya Alasiri, mama akishaamka usingizi wa mchana, na uwe na kitu mkononi: sukari, majani ya chai, mahamri ya moto. Kaa. Salimia mpaka salamu ziishe. Mzee wa Mombasa hakwambii la moyoni kabla hajajua wewe ni mtoto wa nani, wa mtaa gani, na mamako yu hali gani. Siku hiyo usitoe simu wala daftari. Siku ya kwanza ni ya kujulikana tu, na ukiona umeanza kuulizwa wewe maswali, jua mambo yanakwenda vizuri.

Ukirudi, uliza kitu kinachoshikika kwa mkono. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mpishi wa harusi, ambaye watu wa Kibokoni walikuwa hawaozi binti bila ya yeye kusimamia sufuria. Kwa mamake nilikwenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Nimepotea kweli, mama, niwie radhi. Leo nimekuja na njaa. Zile kaimati za marehemu, mbona zangu haziwi vile?"

Akacheka. Akaniambia mwanawe unga alikuwa akiukanda kwa tui la nazi badala ya maji, akiupiga kwa mkono mpaka upumue, na shira akiitia iliki na zafarani, na mtu akimsemesha wakati wa kuchoma alikuwa akimrushia mwiko. Kwenye mwiko tukafika kwenye harusi, kwenye harusi tukafika kwa baharia aliyekuwa akimletea zafarani kutoka Dubai. Mama akamtaja baharia kwa jina, akasema, "Alikuwa mtu mzuri yule. Alimpenda mwanangu." Miaka yote hiyo mimi nikidhani hajui. Kisha mwenyewe, wala sijamuuliza: "Mwisho koo lilimuota utandu mweupe, hata mate hawezi kumeza. Yeye aliyelisha mji mzima."

Ukifika hapo usiongeze swali. Nyamaza naye. Akitaka kuendelea ataendelea, na asipotaka, mrudishe kwenye kaimati. Muulize kama sufuria ingalipo.

Yako maswali ambayo si yetu. "Aliupata wapi?" "Nani alimpa?" Hayo ni ya askari na ya majirani, nao wameshayauliza vya kutosha. Na neno Ukimwi usilitaje wewe kwanza. Mama atasema kifua, mwingine atasema mkanda, mwingine ugonjwa huu wa siku hizi, na kaka mtu labda atasema alikanyaga waya. Andika vile vile walivyosema. Unachokijua wewe kiandike pembeni kwa penseli, na uoneshe kwamba ni chako.

Usiishie Mji wa Kale. Wenzetu wengi walikuwa watu wa bara, waliokuja kufanya kazi hoteli za Nyali na Bamburi, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, wakipanga vyumba Majengo na Kisauni. Hawa wakizidiwa walipandishwa basi Mwembe Tayari, wakarudishwa kwao, na habari zao zikakatika pale pale kituoni. Kwa mtu kama huyo, mtafute aliyemkatia tikiti. Kila mtu ana aliyemkatia tikiti. Huyo ndiye mamake kwa upande wa Mombasa, na mwendee kwa adabu ile ile ya mama, na sukari mkononi.

Ukiruhusiwa kurekodi, simu yako inatosha. Zima panka, maana panka hula maneno yote. Ikunjie leso chini ya simu ili meza isipige kelele kila mama akiweka kikombe. Adhana ikianza, nyamazeni, wala usiikate kwenye rekodi. Atakayesikiliza baadaye atajua ni saa ngapi na ni mtaa gani. Mwanzoni taja tarehe na namba ya mtu, bila jina. Hizo namba nitazieleza.

Kupata mwaka

Hakuna anayekumbuka tarehe, na ukimshikilia mtu akwambie mwaka atakutungia ili akuridhishe. Muulize kulikuwa na nini. Mimi nina karatasi moja niliyoibandika juu ya cherehani, na ukiinakili itakufaa:

1990, Kemron. KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, walitoa dawa hiyo ya Ukimwi na Rais Moi mwenyewe akaitangaza. Ilikuwa ni interferoni kidogo sana, ya kuyeyushia mdomoni, na majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake. Mwezi Novemba 1991 alikufa Freddie Mercury, mtoto wa Zanzibar, na wenzetu waliokuwa wakifanya kazi mahotelini walipata habari kwa wageni kabla ya redio. Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994 ilizama feri ya Mtongwe, wakafa watu 272. Mwaka 1996 ilivuma Pearl Omega, dawa nyingine iliyodaiwa kutibu Ukimwi, na hapo uliza kitu kimoja tu: aliuza nini ili ainunue? Agosti 1997, vita vya Likoni. Mwisho wa mwaka huo, mvua za El Niño. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu la Nairobi. Tarehe 25 Novemba 1999 Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na matangazo yakajaa madereva wa matrela na wanawake wa baa. Sisi hatukutajwa, si kwa wema wala kwa ubaya.

Bibi wa Mombasa lakini hatumii Januari na Februari. Anatumia mfungo, yaani miezi inayohesabiwa baada ya Ramadhani. Akikwambia, "Alikufa mfungo pili, wiki ile ya feri," usimkatize umfundishe kalenda ya ukutani. Mfungo mosi wa 1994 ulianza katikati ya Machi, siku ya Idi, na Mtongwe iliangukia mfungo pili. Kwa hivyo bibi yuko sawasawa, na wewe umepata mwisho wa Aprili au Mei mwanzo. Vivyo hivyo, mtu akisema walifuturu pamoja ile Ramadhani ya mvua, hiyo ilianza siku ya mwisho ya Disemba 1997 au karibu yake, kwa hivyo mnazungumza Januari 1998. Tafuta kwenye simu programu inayogeuza tarehe za Kiislamu, ziko za bure.

Na chini ya karatasi nimeandika miaka mitatu kwa wino mwekundu. 1996 ulimwengu ulijua kwamba dawa tatu pamoja zinamuinua mgonjwa kitandani. 2003 zikaanza kutolewa kwa wachache kwenye hospitali za serikali hapa kwetu. 2006 zikawa bure. Kila ukipata mwaka wa kifo cha mtu, uutie kwenye mstari huo uone umeangukia wapi. Wa kwangu wengi wameangukia hapo katikati.

Majina

Hapa sina masihara. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kingalipo, na adhabu yake inafika miaka 14 jela. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Februari 2010, kule Mtwapa, uvumi wa harusi ya mashoga ulitosha kuwaleta watu na mawe mpaka kwenye kliniki ya KEMRI. Ukiwa na daftari lenye majina kamili na mitaa, umewapa watu kama wale orodha.

Basi shika madaftari mawili. La kwanza lina namba na maisha: namba 7 alikuwa akipika, akipenda taarabu za Juma Bhalo, akiogopa paka. La pili lina namba na jina tu, na hilo halilali nyumba moja na la kwanza. La kwangu liko kwa mwanamke mmoja ninayemuamini kuliko benki, na haulizi ndani yake mna nini. Aliye hai haandikwi jina popote, hata akikwambia yeye haogopi. Leo haogopi.

Kwa marehemu, wakumbuke walio nyuma yake. Wenzetu wengi walioa, wana watoto, na yuko mpwa anayeposa mwezi ujao. Ukitaka kumuonesha mtu wa nje chochote, rudi kwa familia uombe upya, hata kama mama alikubali mwaka jana. Mimi huwauliza mambo matatu mbalimbali: niandike? Nimuoneshe nani? Na wewe ukishaondoka duniani, nifanyeje? Wengi hukubali la kwanza, husita la pili, na la tatu huwafurahisha, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Ujue pia kwamba sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa majibu ya mtu bila idhini yake, na sheria ya kulinda data ya 2019 imeweka afya na mwelekeo wa kimapenzi katika habari nyeti. Zile sheria ziliandikwa kwa ajili ya ofisi kubwa, lakini adabu yake inafaa hata kwa daftari la fundi cherehani.

Majina ya utani yana mtego wake. Yule aliyejulikana harusini kwa jina la kike, mji mzima ulilijua. Kuliandika ni sawa na kuandika kitambulisho. Liache kwenye daftari la pili.

Kuna vijana huniambia, Shangazi, si watafiti wameshaandika? Wameandika. Utafiti mmoja uliochapishwa 2007 ulikadiria kwamba wanaume wanaouza ngono kwa wanaume Mombasa na kando yake ni 739, na namba ile ilisaidia, maana serikali haiwezi kusema hatupo. Lakini waliohesabiwa ni waliokuwa sokoni. Aliyepamba maharusi, aliyepiga tari, aliyekaa nyumba moja na mwenzake akijiita binamu yake mpaka kufa, hao hawamo kwenye 739.

Kanda za harusi

Hazina yetu kubwa iko kwenye makabati ya kina mama, imevaa vumbi. Miaka ya themanini na tisini hapakuwa na harusi ya maana isiyorekodiwa video, na sisi tulikuwamo ndani: tunapanga sinia, tunamtengeneza bibi harusi, tunacheza chakacha katikati ya wanawake mpaka chini panatetemeka. Mtu ambaye familia imechoma picha zake zote huenda yumo kwenye kanda ya jirani, mzima, mnene, na jasmini kichwani.

Sikiliza lakini. Kanda zile ni za upande wa wanawake. Mle ndani watu hawana buibui, wamejipamba kwa macho ya wenzao, na wewe huna haki ya kuwaona hata ukiwa Shangazi. Kwa hivyo usiombe kanda. Muombe mwenye kanda akae aitazame mwenyewe, na daftari, aandike ni dakika ya ngapi marehemu anatokea. Kisha mkae naye pamoja, yeye ameshika rimoti, mchukue vipande vile tu. Mwenye kanda akikataa, shukuru uondoke, usimtume mtoto wake akuibie.

Kabla ya kuitia mashineni, ifungue ule mfuniko wa mbele uangalie utepe. Ukiona ukungu mweupe kama unga, usiicheze. Ukungu utahamia kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine utaingia kwenye kanda zote zitakazofuata. Kanda kavu ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma taratibu kabla ya kuicheza, maana iliyokaa miaka ishirini imeshikana. Kuihamishia kwenye kompyuta kunataka deki nzima na kile kidude kidogo chenye nyaya za rangi nyekundu, nyeupe na manjano. Vijana wa elektroniki mjini wanavyo. Usiwaachie kanda ukaenda zako sokoni. Kaa hapo hapo mpaka iishe, hata ikichukua masaa matatu. Nenda na mahamri.

Kaseti za sauti nazo zisikilize mpaka mwisho, pande zote mbili. Watu wetu walioko Arabuni walikuwa wakitumiana barua za kaseti, na mara nyingi kaseti ya taarabu ukiipindua, nyimbo zikiisha, kuna mtu anaongea. Mwenzangu mmoja nilimpata hivyo: nyimbo mbili, kisha kimya, kisha yeye, anamsimulia baharia wake bei ya samaki Marikiti na nani kagombana na nani. Hakuna neno moja la mapenzi kwenye kaseti ile, na ukiisikiliza huna shaka hata kidogo.

Picha zina kazi fupi. Zilizogandishwa kwenye albamu usizibandue; zipige kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila mwako wa taa. Nyuma ya picha andika kwa penseli, wino hupenya. Zihifadhi kwenye bahasha za karatasi, si nailoni, kwa sababu joto letu hutoa jasho na picha zikashikana. Utakutana na picha zilizokatwa kwa makasi, watu watatu na tundu la wa nne. Ipige picha hiyo pia, na uandike nani alikuwa kwenye tundu.

Leso

Oktoba 1987 Wamarekani walitandaza vitambaa 1,920 kwenye uwanja mkubwa wa Washington, kila kimoja na jina la mtu aliyekufa kwa Ukimwi. Wazo lilianzia San Francisco, kwa Cleve Jones na wenzake. Kila kitambaa kilikuwa na urefu wa futi sita kwa upana wa futi tatu, karibu na ukubwa wa kaburi. Nilipozisoma habari hizo, mimi kama fundi nilitazama kwanza vipimo, kisha nikatazama hali yetu. Tukitandaza majina yetu Uwanja wa Makadara, hatutafika swala ya Magharibi salama.

Kwa hivyo mimi nafanya kwa leso. Leso huuzwa jozi, hazijakatwa, na hapo ndipo penye siri. Nenda Biashara Street, chagua rangi alizopenda marehemu, na usome jina la leso vizuri kabla ya kulipa. Zile za mafumbo ya ugomvi waachie wenye ugomvi. "Wema hauozi" inafaa kwa mtu yeyote. Ukifika nyumbani iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi usiku mzima, itoe rangi yake na ijikunje inavyotaka. Ikikauka, ipige pasi, ndipo uikate.

Kabla ya kupinda, tia alama ndani ya pindo. Herufi moja na mwaka, kwa mkono, kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa. Kisha pinda mara mbili, upana usiozidi kidole, ushone mshono wa kuficha ambao upande wa juu hauonekani hata nukta. Cherehani usiitumie hapa. Cherehani inaonekana, na pia inakwenda mbio mno. Leso moja mpe mamake. Ya pili weka wewe. Mama ataijua; ataipitisha kidole kwenye pindo aisikie. Mmoja huenda nayo kwenye hitima kila mwaka, amejifunga kiunoni, na jirani zake wanamsifia rangi.

Wenzetu Wakristo hawakuwa na leso za hitima, lakini mama wa Kitaita au wa Kikamba hakatai leso. Sijaona aliyekataa.

Ukurasa wa ugonjwa

Sasa andika ugonjwa. Upe ukurasa mmoja, na usiwe wa kwanza. Lililo muhimu humo ni watu: nani aliuguza, nani alikimbia, nani alikuja mlangoni akaacha kikapu bila kuingia.

New York mwaka 1982 walianzisha chama, GMHC, ambacho kilimpa mgonjwa mtu wake wa kumfulia, kumpikia na kukaa naye. Sisi hatukuwa na chama. Tulikuwa na zamu. Mmoja analala na mgonjwa, mmoja anapika uji, mmoja anakwenda na kadi hospitali, na aliyepata kazi hoteli analipa. Andika zamu hizo kama unavyoandika ukoo, maana ndizo ukoo wenyewe. Andika na kazi za mikono. Kwa mgonjwa wa kuhara tulichemsha lita moja ya maji, tukatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na kumnywesha kwa kijiko, usiku kucha, kidogo kidogo. Hicho kijana wa leo asiyejua Ukimwi wa bila dawa akikisoma, ataelewa zaidi kuliko ukimueleza huzuni.

Uliza nini kilichomwa. Baada ya mazishi watu walichoma godoro, nguo, viatu, hata vitabu, kwa kuogopa ugonjwa ambao haukai kwenye nguo. Mfanye mtu akutajie kimoja kimoja. Shati la hariri la kijani. Redio. Baibui alilokuwa akichezea. Ukimaliza una kabati zima la mtu.

Uliza nani aliosha maiti. Ni swali zito, na liulizwe mwanamume kwa mwanamume, si kwa mama. Yule mpishi wetu, waosha walikataa kumgusa. Tulimuosha sisi, na mzee mmoja aliyejua taratibu za josho akisimama mlangoni kutuelekeza: kulia kwanza, mara tatu, maji ya mwisho yatiwe kafuri. Yule mzee aliapa kutuombea na hakutuuliza sisi ni nani kwa marehemu. Muandikie namba na yeye.

Na kaburi. Makaburi yetu mengi hayana jiwe, na Kikowani kumejaa. Chora ramani kwa hatua: kutoka mlango gani, hatua ngapi kufuata ukuta, kulia kwa mti gani. Mti ukikatwa, chora upya. Nenda na mtu mdogo kuliko wewe, naye ahesabu hatua zake, kwa sababu za mzee ni fupi.

Kuhifadhi

Rekodi na picha ziweke kwenye flashi mbili, nyumba mbili, zote na neno la siri. Jina la faili liwe namba, lisiwe jina la mtu wala la mtaa. Usitume kitu kwa WhatsApp, hata kwa rafiki, hata mara moja. Ukifikiri kazi yako inastahili kuvuka mpaka, iko hifadhi ya GALA, Johannesburg, iliyoanzishwa 1997 kwa ajili ya kumbukumbu za watu wetu barani. Waandikie, na ueleze mapema nani ameruhusu nini.

Flashi hufa bila kuugua. Kila Shaabani, kabla ya kufunga, fungua zote mbili, sikiliza kidogo ya kila mtu, na unakili upya kwenye mpya ikiwa yoyote inasitasita. Iliyokataa kabisa usiipeleke kwa fundi wa simu akufungulie. Ivunje kwa nyundo, na unakili kutoka kwa ile nyingine.